Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Kitabu kiliuzwa senti ishirini na tano
kwenye kibanda cha magazeti, stesheni ya treni.
Jaladani, mwanamke wa gauni la kijani
na mkono usio na mwenyewe, umeshika bastola.
Studio ilikinunua kwa bei ya gari bovu.
Orrin Tace, aliyekiandika,
alishuka Los Angeles na soksi zisizofanana,
akapewa chumba, kiti, chupa, na mimi.

Mimi ni Verna Skoglund, mpiga chapa.
Alitamka, nikapiga. Alifuta, nikapiga tena.
Nakala ya kwanza karatasi nyeupe; masahihisho, buluu;
masahihisho ya masahihisho, waridi.
Kufikia Novemba meza yangu ilichanua kama kaburi jipya.

Kitabuni hakuna mvua.
Watu huuawa mchana, Agosti,
upepo wa jangwani ukipasua midomo,
na maiti ya mwenye benki huanza kunuka
kabla kahawa haijapoa.
Mwongozaji akasema: mvua.
Basi wazima moto wawili wastaafu wakapanda darini
na mipira ya maji, wakibishana kuhusu ndondi,
na mpelelezi Brandvold akainua kola ya koti
ambalo kitabuni aliliweka rehani ukurasa wa tisa.

Dudek, fundi taa, alikuwa Mpolandi wa maneno machache.
Seti haikuwa na ukuta wa nne, wala wa tatu.
Akaning'iniza pazia la vibao mbele ya taa moja
na chumba kizima kikapigwa mistari kama daftari,
mwanamke ameandikwa katikati.
"Giza," aliniambia, "ni rangi ya bei nafuu."
Baadaye wasomi waliandika kwamba mistari ile
ni nondo za jela ya nafsi.
Mimi nilikuwepo. Ilikuwa bajeti.

Lakini nilitetemeka.

Kikulacho ki nguoni mwako:
hadithi zote za aina hii ni methali hiyo
iliyovalishwa kofia.
Mpelelezi hupekua mji mzima,
bandari, kasino, ofisi ya meya,
na huwa wa mwisho kujipapasa.

Ila Ione Prather wa kitabu hakufa.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili
anapanda basi la Tijuana na mfuko wa karanga,
fedha za marehemu zimeshonwa kwenye bitana.
Brandvold anamwona kutoka ng'ambo ya barabara
na, kwa sababu ambazo Tace hakuzieleza,
anainama kufunga kamba ya kiatu.
Anakawia kuifunga.
Basi linaondoka.

Ofisi ya maadili iliurudisha ukurasa
na neno moja la penseli nyekundu: Afe.
Tace alizitazama soksi zake.
Kisha akakitamka kifo kwa sentensi sita
bila kivumishi hata kimoja,
na vidole vyangu, ambavyo havikuwa vikikosea,
vilikosea mara nne.
Risasi. Ngazi. Kiatu kimoja kikishuka peke yake
kidato kwa kidato.
Watu husema ni picha nzuri.
Ni nzuri kweli, Mungu atusamehe.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Ya Ione ilikuwa maili mia na thelathini na kitu.
Waliifupisha wao.

Jana usiku televisheni iliionyesha tena,
na sabuni ya vyombo ikitangazwa katikati ya ushahidi.
Tace amekufa, Dudek amekufa,
studio sasa ni duka la magodoro.
Leland, mjukuu wa dada yangu, alilala kabla ya mvua.
Ukurasa ninao, droo ya chini, chini ya risiti:
si buluu, si waridi,
uligeuka njano wenyewe, bila ruhusa ya mtu.
Sikuutoa. Naujua kwa moyo.

Ione alipoufikia mlango wa juu, muziki ukapanda,
nami niliyageuzia kisogo yale mapazia ya Dudek,
nikainama polepole, magoti yakilia,
nikafunga kamba ya kiatu.

Nilikuwa nimevaa ndara.